Kumwamsha mgeni: kugonga mlango, saa ya alamu, kengele ya umeme au simu ya chumba, ipi inakufaa?

Kama una gesti au hoteli, hata ya vyumba 10, kila jioni kuna mgeni atapita mapokezi akuambie naomba niamshwe saa 10 na nusu nina basi, na wewe utasema sawa bila wasiwasi wowote. Sasa hiyo sawa inabebwa na nini mpaka alfajiri? Njia ni nne tu na zote zina umri: mtu wa kugonga mlango, saa ya alamu chumbani, kengele ya umeme inayopigwa toka mapokezi, na simu ya chumba. Zimekuwepo zote tangu karne ya 19 au kabla, zimegombania kazi moja, na mpaka leo hakuna iliyoiua mwenzake. Naziweka zote hapa, ila ile ya kengele ya umeme nitaikalia zaidi maana ndo imesahaulika, wakati miaka ya 1880 na 1890 huko Marekani hoteli ikiwa nayo ilikuwa inajigamba nayo kwenye matangazo.

Kabla ya kuangalia ipi ni ipi, vitu vya kupimia ni hivi. Cha kwanza ni nani anaamka, yani anaamka mwenye chumba peke yake au korido nzima. Cha pili, na kwangu mimi hiki ndo kikubwa, je jibu linarudi? Kengele kulia na mtu kuamka ni vitu viwili tofauti kabisa, na ugomvi wote wa "mbona hamkuniamsha" na "tulikuamsha bosi" unatokea hapo katikati. Cha tatu ni vyumba vingi kwa wakati mmoja, maana wageni wa basi la saa 12 wote wanataka kuamka saa ile ile. Cha nne umeme ukikatika inakuwaje. Cha tano hela, sio ya kununua tu, na ya kutunza, na kama fundi wa mtaani kwako anaiweza.

Mtu wa kugonga mlango

Hii ni ya kale kuliko zote na gesti nyingi za karibu na stendi bado zinaishi nayo. Uingereza enzi za viwanda ilikuwa ajira kamili, mtu anapita mtaani alfajiri na mti mrefu wa mwanzi anagonga madirisha ya ghorofani wafanyakazi wawahi zamu, na mashariki ya London kulikuwa na mama mmoja anaitwa Mary Smith yeye alikuwa anapuliza njegere kavu kwa mrija mpaka zinagonga kioo, malipo yake peni 6 kwa wiki. Wengine kwenye kazi hiyo walikuwa hawaondoki dirishani mpaka mteja ajitokeze wamwone kwa macho. Hapo ndo ubora wa njia hii ulipo, jibu unalipata hapo hapo. Mgeni akikujibu kwa sauti ya usingizi unajua huyu bado, unasubiri kidogo unagonga tena.

Ukitaka kuona inavyofanya kazi vizuri nenda Kilimanjaro. Kambi ya Barafu iko mita 4,673, kambi ya Kibo mita 4,720, na wapandaji wanaamshwa kwenye saa 5 usiku ili saa 6 waanze kupanda kuelekea kilele. Anayewaamsha anakuja na chai ya moto mkononi, anatikisa turubai la hema, anaita jina, anasimama kwenye baridi ile mpaka asikie zipu inafunguka kwa ndani na mkono utoke kupokea kikombe. Hakuna mashine inayoweza hiyo. Ila angalia, pale wote wanaamkia jambo moja, kama vile ngoma ya daku Zanzibar au Mombasa mwezi wa Ramadhani, inaamsha mtaa mzima na hakuna wa kulalamika maana karibu wote wana chakula cha kuwahi. Gesti yako sio hivyo. Ukigonga namba 7, namba 6 na 8 nao wanaamka, na kama kuta ni za mbao laini basi namba 12 naye yumo, na huyo wa 12 kalala saa 8 usiku katoka safari ya Mwanza na hana basi la kuwahi.

Vyumba vingi pamoja hapo inashindwa, mtu mmoja hawezi kugonga milango sita saa 10 na nusu kamili, wa mwisho ataamshwa saa 11 kasoro. Umeme hauhusiki kabisa, na hiyo ni faida. Hela ni mshahara tu, lakini kuna swali ambalo wenye gesti hawajiulizi, yani huyo mwamshaji yeye anaamshwa na nani? Mlinzi akisinzia saa 9, basi wageni wote wamesinzia naye. Halafu kuna mgeni wa kike yuko peke yake, saa 10 alfajiri mwanaume anagonga mlango wake, huyo anaamka kwa hofu hata kama aliomba mwenyewe. Mwambie mtu wako aseme jina lake na aseme "ni mapokezi, ulisema tukuamshe saa 10 na nusu", asishike kitasa hata kidogo, na akishajibiwa aondoke mlangoni.

Saa ya alamu chumbani

Mwaka 1787 kule Concord, New Hampshire, Marekani, jamaa anaitwa Levi Hutchins alitengeneza saa ya kumwamsha saa 10 alfajiri na ilikuwa inalia saa hiyo hiyo tu, huwezi kuibadilisha, maana alitengeneza kwa ajili yake mwenyewe na hakuwa na mpango wa kuuza. Ya kurekebisha muda unaotaka alipewa hataza, yani haki ya kisheria ya mbunifu, Antoine Redier, Mfaransa, mwaka 1847. Kampuni ya Seth Thomas ikapata hataza ya saa ndogo ya kitandani mwaka 1876, na baada ya hapo bei zikashuka mpaka msafiri wa kawaida akaweza kubeba yake kwenye begi. Leo msafiri huyo anabeba simu, kazi ni ile ile.

Kwenye nani anaamka saa hii inashinda kirahisi, inamwamsha mwenyewe, labda na jirani kama ukuta ni mwembamba. Vyumba vingi hakuna tabu, kila mtu na yake. Umeme ukikatika saa ya betri haina habari, simu inategemea kama mgeni alichaji kabla umeme haujaenda. Hela, ni rahisi kuliko zote, saa za kwenye meza ya kitanda hazimshindi mtu.

Lakini jibu halirudi, kabisa kabisa. Mapokezi hamjui kama alamu ililia, hamjui kama aliizima akajifunika tena, mtajua saa 2 asubuhi akishuka amevimba. Kwa upande wa lawama hiyo ni nafuu kwenu, kaiweka mwenyewe kaizima mwenyewe. Kwa upande wa huduma ni sifuri.

Na kuna tabia mbili za hizi saa nataka uzijue. Moja, mgeni wa jana aliiweka saa 9 usiku akaondoka, mhudumu kafanya usafi katandika kafuta vumbi juu ya saa bila kuigusa, mgeni wa leo anapigiwa saa 9 usiku na kitu ambacho hajui kinazimwaje gizani. Kama unaweka saa vyumbani basi kuzima alamu iwe sehemu ya usafi wa chumba, iandikwe kabisa kwenye karatasi ya mhudumu baada ya kubadili shuka. Mbili, simu na mipaka. Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo wako saa moja nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda. Mtu kavuka Rusumo anatoka Kigali, laini yake huku haishiki mtandao, simu inabaki na saa ya kule, anaweka alamu 4:30 na inalia wakati huku ni 5:30. Akikuomba msaada usimjibu "si una simu", mwulize kwanza simu yake inasoma saa ngapi.

Kengele ya umeme

Sasa hii. Nyingi zilianza kama njia ya upande mmoja. Mgeni ana kitufe ukutani, anabonyeza, ofisini kengele inalia na kwenye ubao mkubwa wa namba kibao cha chumba chake kinaanguka au mshale unageuka, mhudumu anajua namba 43 anaita, anatumwa kijana anapanda ngazi kuuliza anataka nini. Watu wakafikiria, kama waya upo mpaka chumbani mbona tusipige na sisi toka huku chini? Wakaweka kengele chumbani na kitufe ofisini kwa kila namba, mgeni akipigiwa anabonyeza cha kwake kujibu na kibao kinaanguka. Hapo ujumbe unaenda na unarudi, bila sauti ya mtu hata moja.

Hatua ya tatu ndo inanifurahisha mimi. Wakamtoa hata mhudumu. Kuna saa kuu ofisini, pembeni ya sura yake kuna vidoti vya chuma kila robo saa au nusu saa, na ubao wa matundu, mistari ya kulala ni vyumba, ya kusimama ni nyakati. Mgeni wa 43 kasema saa 12 asubuhi, mhudumu anachukua plagi ndogo ya shaba anaichomeka pale mstari wa 43 unapokutana na saa 12, basi, anaenda zake. Mshale ukifika pale unagusa kidoti, mzunguko wa umeme unafungika, kengele ya 43 inalia. Ni daftari la kuamsha wageni ambalo linajisoma lenyewe. Mtego wake, sura ya saa ina namba 12 tu, plagi ikisahaulika mgeni mpya wa 43 anapigiwa tena saa 12 jioni anaoga.

Na usidhani saa kuu yenyewe ilikuwa jambo dogo. Marekani mpaka tarehe 18 Novemba 1883, siku reli zilipokubaliana kutumia kanda za saa, kila mji ulikuwa na saa yake inayofuata jua la hapo na kila kampuni ya reli na yake, kwa hiyo hoteli kumwamsha mtu "saa 12" ilibidi ujue ni saa 12 ya mji au ya treni anayoikimbilia.

Kengele yenyewe ni kitu rahisi mno, ni ile ile ya mlangoni. Sumaku ya umeme inavuta kibapa cha chuma chenye nyundo, kikivutwa kinakata umeme wake chenyewe, sumaku inaachia, springi inakirudisha, umeme unaunganika tena, inavuta tena, hivyo hivyo mara nyingi kwa sekunde, ndo ile trrrrr. Sehemu inayochoka ni pale panapogusana na kuachana, panatoa cheche ndogo kila mara na panaota weusi, ukipasugua kwa msasa laini inafufuka.

Umeme wake ulitoka kwenye chupa. Georges Leclanché, Mfaransa, mwaka 1866 alitoa betri ya chupa ya kioo, ndani kuna fimbo ya zinki na kaboni kwenye maji ya chumvi ya amonia, kila chupa inatoa kama volti moja na nusu, unaunganisha kadhaa zinakaa stoo chini huko, unaongeza maji, zinki ikiisha unabadilisha. Ina tabia yake hii betri, inapenda kazi fupi halafu ipumzike. Ukiiachia kengele ilie mfululizo nguvu inashuka, mlio unaanza trrrrr unakuwa trr trr unakata, ukiipumzisha inarudi. Kwa kengele ya kumwita mhudumu ni sawa kabisa, sekunde mbili tatu. Kwa kengele ya kuamsha mtu mwenye usingizi mzito ni shida, na ukipigia vyumba 20 kwa mpigo saa 12 kamili zote zinagawana chupa zile zile, nani atasikia?

Ilikuwa na kazi ya pili pia, moto. Tarehe 10 Januari 1883 hoteli ya Newhall House pale Milwaukee iliungua usiku wageni wamelala, walikufa zaidi ya watu 70. Kengele ndani ya kila chumba ambayo ofisi inaweza kuzipiga zote pamoja ilikuwa na maana kubwa kuliko kuwahi treni, na mpaka leo ukiniuliza faida ya waya hizi nitaanza na hiyo.

Vipimo sasa. Nani anaamka: kengele iko ndani ya chumba, kwa hiyo korido inapumua, ila mlio wake ni mkali na hauna adabu, sio sauti ya mtu. Jibu: inategemea umefunga ya aina gani. Ya kulia tu bila kitufe cha kujibu ni sawa na saa ya alamu iliyopanda bei. Ya kujibu ni nzuri sana, na ushauri wangu ni kwamba kitufe cha kuizima usikiweke karibu na kitanda, kiweke karibu na mlango wa bafu, mtu akishatembea hatua tano kwenye sakafu ya baridi ameamka huyo. Vyumba vingi: hakuna inayoifikia, unabonyeza mara moja, shida ya chupa leo haipo. Umeme ukikatika: watu wanashangaa hapa, zile za zamani hazikujali maana zilikuwa na betri zake mbali na taa, na leo ukizifunga kwa volti 12 za moja kwa moja kutoka betri ya gari inayochajiwa na sola au na umeme wa kawaida, giza likija zinalia kama kawaida.

Hela: kengele zenyewe ni bei ya chini, waya ndo unakula. Kila chumba waya wake mpaka mapokezi, na mmoja wa kurudi wa pamoja. Jengo likiwa bado linajengwa unapitisha kwenye paipu na waya za taa ukiwa unazitenganisha, jengo likishapigwa plasta utatoboa mpaka ulie. Kuna zile za redio zisizo na waya, za kubandika, zinafaa kwa jengo lililokwisha, ila nondo na zege vinazizuia na betri za ndani zinaisha kimya kimya bila kukuambia. Kwenye ufundi hakuna fumbo, fundi umeme yeyote ataielewa: chumba kimoja kimekufa, kosa liko kwenye waya au kengele ya hicho chumba, vyote vimekufa, angalia betri au ule waya wa pamoja. Hapo umemaliza nusu ya kazi kabla hujashika bisibisi.

Simu ya chumba

Kabla simu haijafika vyumbani kulikuwa na kitu kinaitwa Teleseme, kazi ya F. Benedict Herzog, ni kama sahani ukutani imeandikwa mahitaji zaidi ya 100, mgeni anageuza mshale kwenye anachotaka, anabonyeza, ofisini wanaona. Ujanja mtupu, na simu ikaifuta. Hotel Netherland ya New York inatajwa kuwa ya kwanza kuweka simu vyumbani, mwaka 1894, na Ellsworth Statler alipofungua hoteli yake Buffalo mwaka 1908 simu kila chumba ilikuwa sehemu ya alichokuwa anauza, pamoja na bafu la kila chumba kwa dola moja na nusu.

Kwenye kuamsha, simu ilikuja na kitu ambacho kengele haikuwa nacho, sauti. Dada wa swichibodi, ule ubao wa kuunganishia simu, ana orodha mbele yake, saa 11 na nusu anachomeka waya wa 43, inaita, habari za asubuhi, ni saa 11 na nusu, mgeni anajibu asante. Jibu limerudi na lina ushahidi. Siku hizi mashine ya simu za ndani, ile PABX, inafanya yenyewe, unabonyeza namba ya chumba na muda, ikiita bila kupokelewa inarudia baada ya dakika chache, na nyingi zinatoa ripoti ya nani hakupokea ili mtu apande kugonga.

Ila jibu la simu lina uongo ndani yake. Mtu anaweza kunyoosha mkono akapokea, akasema ndio ndio nimeamka, akaweka chini, akalala tena, na asikumbuke chochote. Nimelala hoteli moja ya kati hivi, siitaji, jirani yangu kapigiwa nasikia kabisa ukutani kajibu "haya asante", saa 3 yuko mapokezi anaapa hakuna aliyempigia, na mashine inaonyesha kapokea. Nani mkweli? Wote wawili. Ndo maana mashine inayopiga na kucheza muziki bila mtu ni dhaifu kuliko dada wa orodha, yule dada anasikia sauti na anajua huyu nimrudie baada ya dakika kumi.

Nani anaamka: mwenye chumba, mlio ni wa wastani na watu wameuzoea. Vyumba vingi: mashine inaweza zaidi ya mtu, ila sio zote kwa sekunde moja, inategemea ukubwa wake. Umeme: simu za mezani zinakula umeme wa mashine, mashine ikiwa na betri yake au inveta sawa, bila hivyo umeme ukienda hoteli nzima bubu, na mashine nyingine umeme ukirudi saa yake inaanza upya na ratiba zako zote hewani, hili muulize muuzaji kabla hujatoa hela. Gharama ni kubwa kuliko zote nne, na mtu wa kuiprogramu sio fundi yeyote, anaitwa toka mjini na anakuja kesho.

Daftari, kabla ya yote

Daftari la kuandika nani aamshwe saa ngapi sio njia ya tano, linazihusu zote nne isipokuwa mgeni akijiwekea mwenyewe. Sisi saa 11 alfajiri, mzungu kwake ni saa 5, mashine inasoma 05:00. Mgeni wa nje anasema "five", kijana anaandika 5, wa zamu ya usiku anakuja kusoma saa 5. Au mgeni wetu anasema saa 11, mhudumu anaingiza 11:00 kwenye PABX, huyo ataamshwa saa 5 asubuhi basi liko Morogoro. Weka safu mbili kwenye daftari, moja saa yetu na moja ya namba za 24, zijazwe zote mbili mbele ya mgeni na aone kwa macho yake. Na safu ya tatu, alijibuje, ijazwe saa ile ile ya kuamsha na sio mwisho wa zamu.

Uko kwenye hali gani?

Gesti ya vyumba 8 mpaka 15 karibu na stendi, wageni wa usiku mmoja, hela ya kubana: mtu wa kugonga, ila mnunulie yeye saa mbili za alamu, sio moja, na wageni wa mapema wapange upande mmoja wa korido tangu jioni ili kelele zikae huko.

Unajenga sasa hivi na kuta bado ziko wazi: pitisha waya za kengele hata kama huna uhakika utazitumia, na zipitishwe na za kengele ya moto siku hiyo hiyo. Kwa hosteli ya wanafunzi, bweni au nyumba za wafanyakazi wa zamu, hapa kengele ya umeme sioni cha kushindana nayo, wote wanaamka pamoja na hakuna wa kumsumbua jirani.

Hoteli ya vyumba 40 na kuendelea, wageni wa mikutano na ndege: simu, na mtu wa kupanda juu kwa wale wasiopokea. Ukinunua mashine bila huyo mtu umenunua nusu.

Lodji ya mbugani au kambi ya mahema, wageni wanatoka kutafuta simba kabla ya jua: usiwaze umeme wala simu, mtu na chai. Kwenye mbuga ambazo wanyama wanapita kambini mgeni hatakiwi kutembea peke yake gizani, kwa hiyo anayemwamsha ndo huyo huyo anamsindikiza.

Jengo la kale unalikarabati, kuta za mawe za Mji Mkongwe au Lamu ambazo kuzitoboa ni dhambi na mara nyingi lazima upate kibali: saa chumbani pamoja na kugonga, na kama kuna ubao wa zamani wa kengele umeukuta usiutupe, usafishe, hata vyumba vitatu vya waya uliopo vikifanya kazi ni kivutio.

Wageni viziwi, ambao hizi njia zote nne zinawaruka: chukua ile kengele ya umeme, toa kengele, weka taa kali ya kuwaka na kuzima au kitetemeshi cha chini ya mto. Waya ni ule ule na kitufe cha kujibu ni kile kile. Anza na chumba kimoja, cha chini karibu na mapokezi, na mkijaribu mjaribu na mtu amelala kweli.

Na wewe msafiri uliyesoma mpaka hapa huna gesti, una basi tu kesho: weka simu yako, na omba mapokezi, na ukiomba waulize "nisipojibu mtafanyaje?" Wakikuangalia tu, mwombe wa chumba cha pili anayepanda basi hilo hilo akugongee.